Nyambizi ya Nyuklia Si Lazima Ibebe Bomu la Nyuklia

Watu wengi huamini kwamba nyambizi ikiitwa ya nyuklia, basi imebeba mabomu ya nyuklia. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa zipo nyambizi zenye sifa zote mbili, lakini sifa hizo hazitegemeani. Jina hilo linahusu mtambo wa kuiendesha: kinu cha nyuklia hutoa joto, joto hilo huzalisha mvuke, na mvuke huzungusha rafadha, yaani pangaboi linaloisukuma nyambizi. Kwa kuwa kinu hakihitaji hewa, nyambizi huweza kukaa chini ya maji kwa wiki nyingi.

USS Nautilus ya Marekani, ya kwanza ya aina hii, ilianza kusafiri kwa nguvu ya nyuklia Januari 17, 1955, ikaenda zaidi ya maili 60,000 kabla ya kubadilishiwa fueli mwaka 1957, ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini Agosti 3, 1958, na ikastaafishwa mwaka 1980. Katika utumishi huo wote haikuwa nyambizi ya makombora ya balistiki, yaani yale ya masafa marefu yanayoweza kubeba vichwa vya nyuklia. Ilijengwa ikiwa na mirija sita ya kufyatulia topido. Kinyume chake, na huu ndio ushahidi mzito zaidi, nyambizi za dizeli za Kisovieti zilizotumwa kuelekea Kuba mwaka 1962 zilibeba topido zenye vichwa vya nyuklia.

Msomaji anaweza kuhakiki kwa kutazama herufi za utambulisho za nyambizi za Marekani. Nautilus ni SSN-571, ambapo N huonyesha mtambo wa nyuklia. Makombora ya balistiki huonyeshwa kwa B, kama katika SSBN. Nautilus yenyewe sasa ni makumbusho huko Groton, Connecticut, na wageni huingia hadi chumba cha topido.