IL-10 sio kitu cha "kupandisha" tu: yanayosemwa na ukweli wake

Siku hizi kila unga wa mitishamba unaouzwa mtandaoni "unaondoa inflamesheni", yaani ule uchochezi wa kinga unaofanya mwili uvimbe na kuwaka, na wauzaji waliosomasoma kidogo wameongeza jipya, eti unapandisha IL-10. Watu wananunua, maana inflamesheni imeshageuzwa jina la ugonjwa. Hiyo IL-10, kirefu chake intalukini-10, ni saitokini, yaani protini ambayo seli za kinga zinaitoa ili kupashana habari, na habari yake kubwa ni "jamani punguzeni". Walioigundua ni kina Tim Mosmann mwaka 1989 kwenye maabara ya DNAX kule California, waliona kundi moja la seli T za panya, ambazo ni aina ya seli za kinga, linatoa kitu kinachofanya kundi lingine liache kutengeneza saitokini zake.

"Inflamesheni ni adui, kinachoizima ni kizuri siku zote"

Hapana bwana. Ule uvimbe na joto kwenye kidonda ndo kinga yenyewe iko kazini. Angalia kala-azar, ile ya Turkana, Baringo na Pokot Magharibi inayovimbisha bandama: wagonjwa wanakutwa na IL-10 nyingi kwenye damu, na inazituliza makrofaji, seli zilezile zinazotakiwa kumuua mdudu, huku mdudu mwenyewe kajificha humohumo ndani yake anazaliana. Halafu kuna kirusi cha Epstein-Barr, watu wazima wengi duniani wanacho bila kujua, na ndicho kinachohusishwa na Burkitt, ile saratani ya taya za watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na wagonjwa aliowaona Uganda. Hiki kirusi kina jeni yake kabisa ya kutengeneza protini inayofanana na IL-10 yetu. Sasa kitabeba jeni hiyo kwa kutuonea huruma sisi?

"Basi ni msaliti, izuiwe"

Ndo watu wanavyogeuka, toka dawa mpaka sumu kwa dakika moja. Hapa ushahidi uko kwetu kabisa. Kuna utafiti wa watoto wa magharibi mwa Kenya, kule ambako malaria haiishi, ulichapishwa 1999, ukaonyesha kwamba wenye upungufu wa damu uliotokana na malaria walikuwa na IL-10 kidogo ukilinganisha na TNF, ambayo ni saitokini ya kuchochea. TNF inahitajika ili kuvidhibiti vimelea, ila ikizidi na hakuna wa kuishika inauvuruga uboho usitengeneze chembe nyekundu vizuri, kwa hiyo kinachoangaliwa ni uwiano na ni muda gani imetoka, IL-10 ikiwahi mno vimelea vinajazana, ikichelewa mtoto anaumizwa na kinga yake mwenyewe.

Na utumbo ndo kabisa. Mwaka 1993 Wajerumani walitengeneza panya wasio na jeni ya IL-10, wakapata ugonjwa sugu wa utumbo, lakini baadaye ikaja kuonekana kwamba panya wa namna hiyo wakilelewa mahali pasipo na bakteria hata mmoja utumbo hauwaki. Maana yake ni hii protini inayoisaidia kinga iwavumilie bakteria wetu wa tumboni kila siku. Mwaka 2009 ikaripotiwa kuhusu watoto waliozaliwa na kipokezi kibovu cha IL-10, yaani ile sehemu ya seli inayoipokea, wakaanza kuumwa utumbo wakiwa wachanga, fistula juu ya fistula, yaani matundu yanayotoboka kutoka utumboni, dawa hazishiki, na mmoja wao alipopandikizwa uboho ugonjwa ukatulia.

"Sasa si wachomwe sindano ya IL-10 wapone?"

Hata wanasayansi walifikiri hivyo, na kwa kweli ilikuwa na akili. Wagonjwa wa Crohn, ambao utumbo wao unawaka kwa muda mrefu, walipewa IL-10 ya maabara, matokeo yakawa ya kusikitisha, nafuu kidogo sana, na waliopewa dozi kubwa wakapata homa na kuumwa kichwa na interferoni gama yao, saitokini nyingine ya kuchochea, ikapanda, yaani uchochezi uleule uliokuwa unakimbiwa. Kumbe IL-10 sio breki tu, inazisukuma pia seli T za kuua na seli B zinazotengeneza kingamwili. Ndo maana kwenye lupasi, ambako kingamwili zinamshambulia mwenye nazo, IL-10 mara nyingi iko juu na haileti amani yoyote. Watu wa saratani wakaona hapo pana mlango, wakaichanganya na kemo kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho, haikuwaongezea maisha.

"Ikiwa juu kwenye vipimo una kinga nzuri"

Iko juu pia kwa wagonjwa mahututi wa sepsisi, pale maambukizi yanapoufanya mwili ujiumize wenyewe, na wa korona kali. Namba peke yake haikwambii kitu.

"Manjano na tangawizi zinaipandisha"

Kuipandisha kwenye seli za sahani ya maabara sio sawa na kuipandisha kwa mtu, na kile kiini cha manjano, kurkumini, kinafyonzwa kidogo sana tumboni. Wewe pika nayo pilau, haina neno. Anayekuuzia IL-10 yenyewe kama kidonge ndo anakudanganya waziwazi, ni protini, tumbo litaimeng'enya kama nyama. Kinachojulikana kuipandisha kwa watu ni mazoezi: misuli ikifanya kazi inatoa IL-6, saitokini nyingine ambayo kwingine inalaumiwa kwa uchochezi, na IL-6 hiyo ndo inavuta IL-10 ipande kwenye damu kwa muda, halafu inashuka yenyewe.