Je, wajua kwa nini kupanda mlima kwa kasi ya kilomita 5 kwa saa na kushuka kwa 20 hakuleti wastani wa 12,5?

Barabara ya Rutshuru, kaskazini ya Goma, mashariki ya Kongo, chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, huteremka kutoka Kibumba zikiwa na viazi, kabeji na makaa, mwenyewe kapiga goti juu ya ubao. Kwenda kupakia, hata ikiwa tupu, ni kuisukuma tu.

Tuchukue kipande cha kilomita 10. Kijana anapanda kwa kilomita 5 kwa saa, anashuka kwa 20. Wastani wa kasi yake ni ngapi? Darasani wengi hujumlisha 5 na 20, wakagawanya kwa 2, wakaandika 12,5. Hapana. Kupanda kumemla saa 2, kushuka nusu saa. Kilomita 20 kwa saa 2,5 ni 8.

Kosa ni kuzipa kasi mbili uzito sawa, wakati mlima umechukua muda mara nne. Angesukuma saa moja na kuteremka saa moja, hapo 12,5 ingekuwa sahihi kabisa. Shuleni ni hivyo hivyo: darasa la wanafunzi 40 likipata wastani wa 70, na jingine la wanafunzi 10 likipata 50, wote pamoja wana 66, si 60.

Je, barabara ikiwa ndefu zaidi? Hapa ndipo herufi inapotuokoa. Umbali wa upande mmoja tuuite d. Muda wote ni d/5 + d/20, yaani 5d/20, yaani d/4. Gawanya 2d kwa d/4: unapata 8, na d imekwenda zake. Kwa hiyo urefu wa njia haubadilishi kitu. Kwa namba peke yake ungejaribu barabara moja baada ya nyingine bila kuwa na hakika.

Sasa kijana anataka wastani wa 9. Kasi ya kushuka iwe x: d/5 + d/x = 2d/9. Ondoa d kila mahali, 1/x inabaki 1/45. Ashuke kwa 45, na mzigo wa viazi mgongoni mwa mbao! Huyo anatafuta hospitali.

Na wastani wa 10? d/5 + d/x = d/5, kwa hiyo d/x lazima iwe sifuri. Hakuna x ya namna hiyo, hata akipewa pikipiki. Kilomita 20 kwa wastani wa 10 zina saa 2 tu, naye amezimaliza zote akiwa bado juu, hajapakia hata gunia moja.