Kabla sijalisifu gemu jipya la dansi

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili: mtu hucheza gemu, na mtu hucheza muziki. Kwa magemu mengi mambo hayo hayakutani. Mmoja kakaa kitako vidole vikifanya kazi, mwingine yuko katikati ya ukumbi jasho linamtoka. Gemu la dansi ndilo linaloahidi kuyafanya yawe jambo moja, ndani ya chumba, mbele ya televisheni. Mimi ni mwalimu wa dansi, na kila likitoka jipya huwa nataka kujua kama ahadi hiyo imetimizwa. Orodha ya nyimbo, ambayo ndiyo watu huniuliza kwanza, mimi huitazama mwisho.

Naanza kwa kuuliza mashine inaniona wapi. Hakuna konsoli, yaani mashine ya magemu inayounganishwa na televisheni, inayokuona mzima. Kila moja imechagua kipande chako cha kufuatilia, na alama unazopata ni za kipande hicho tu.

Konami walipotoa Dance Dance Revolution huko Japani mwaka 1998, kisha ikaingia kwenye konsoli ya PlayStation mwaka uliofuata, ulicheza nyumbani juu ya mkeka wenye mishale, na mashine ilikuwa na kazi ya kujua mambo mawili: mshale upi umekanyagwa, na umekanyagwa wakati gani. Mbele, nyuma, kushoto, kulia, basi. Mikono unaweza kuitia mfukoni. Wapo wanaoudharau mkeka kwa sababu hiyo, wanasema ile si dansi. Siwaungi mkono. Mkeka haudanganyiki: mguu umetua kwenye pigo au haukutua. Nimekuwa na wanafunzi waliokuja kwangu hawasikii mdundo hata kidogo, na mkeka ukawafundisha kuusikia haraka kuliko nilivyoweza mimi kwa kupiga makofi.

Mwaka 2009 Ubisoft wakaleta Just Dance kwenye Wii, konsoli ya Nintendo, na mkeka ukaondoka. Unashika rimoti mkononi. Ndani yake mna kihisi kinachopima jinsi mwendo unavyoongezeka na kupungua kasi kwa pande tatu. Skrini inakuonyesha mtu anayecheza mwili mzima, nawe unamfuata, lakini kinachopimwa ni mkono mmoja. Miguu yako haijulikani iko wapi. Kiuno ndiyo kabisa.

Magemu ya namna hii nayapitisha kwenye jaribio la kochi. Nacheza wimbo mmoja nikiwa nimesimama, kwa mwili wote, naandika alama. Kisha nakaa, naucheza wimbo uleule kwa mkono peke yake. Kuna gemu moja lilinipa nyota tatu nikiwa nimesimama na nne nikiwa kwenye kochi. Nilirudia mara kadhaa ili nipate sababu, na nilipoipata iliniuma. Mcheza dansi anapogeuka, mkono unabebwa na mwili. Unafika ukiwa laini, umechelewa kidogo, na haukomi ghafla. Kihisi kinataka mkato. Anayekaa anaupiga mkono hewani na kuusimamisha kama anayefukuza nzi, na hicho ndicho kinachosomeka vizuri. Kwa maneno mengine, gemu lile lilikuwa likiadhibu dansi nzuri. Niliandika hivyo, na ningeandika tena.

Aliyekaribia kuona mwili wote alikuwa Kinect, kamera ya Xbox 360, konsoli ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2010 pamoja na gemu la dansi la Dance Central la Harmonix. Ilifuatilia viungo 20 vya mwili mara 30 kwa sekunde. Ukikosea mkono wa kushoto, mkono wa yule anayecheza kwenye skrini unawaka mwekundu. Mwalimu anayejua kazi hufanya hivyohivyo: hakwambii umekosea, anakugusa kiwiko. Ilikuwa na masharti yake, kwani ilihitaji nafasi ya karibu mita mbili mbele ya kamera na jua la dirishani liliisumbua. Microsoft waliacha kuitengeneza mwaka 2017, na tangu hapo magemu mengi ya dansi yamerudi mkononi, kwa pedi au simu. Bado naikumbuka kila ninapofungua gemu jipya.

Jambo la pili ni uchelewaji, na hapa naomba uvumilivu wako, maana watu wengi wanalilaumu gemu, au wanajilaumu wenyewe, kwa kosa la televisheni. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde. Televisheni ambayo inaipamba picha kabla ya kuionyesha ikichelewa milisekunde 100, tayari imekula sehemu ya tano ya pigo. Ukiunganisha spika isiyo na waya, sauti nayo inachelewa, tena kwa kiasi chake yenyewe. Hapo jicho linapata habari moja na sikio linapata nyingine, na mguu haujui umtii nani.

Kwa hiyo kabla ya wimbo wa kwanza naweka televisheni kwenye modi ya gemu, nachomoa spika isiyo na waya, kisha naingia kwenye ukurasa wa kurekebisha muda. Nafumba macho, nagonga kwa kufuata sauti. Nazima sauti, nagonga kwa kufuata picha. Gemu lililotengenezwa kwa makini linakupa namba mbili, ya sauti na ya picha. Likikupa moja kwa zote mbili, utaishi na makosa ambayo si yako. Na lisilo na ukurasa huo kabisa halipati sifa kwangu, hata liwe na nyimbo tamu namna gani.

Kisha hatua zenyewe. Dansi yote ni habari ya uzito: sasa hivi umesimama kwa mguu upi, na upi uko huru kwenda. Mtunzi wa hatua akikuambia ukanyage kulia kwa uzito wote, kisha pigo linalofuata urushe mguu uleule wa kulia, amekufunga. Mwili utaiba kihatua katikati ili ujiokoe. Kwenye wimbo wa polepole wizi huo haumshindi mtu. Kwenye mapigo 130 anayejifunza anajikwaa, anadhani ana miguu mizito. Mimi huzima alama, nikachukua dakika nzima ya wimbo na kuicheza polepole bila muziki, nikisema kwa sauti uzito uko wapi: kulia, kushoto, kushoto tena, hapana. Pale ninaposema hapana mara tatu katika kiitikio kimoja, najua hatua zilitungwa kwa ajili ya kutazamwa.

Natazama pia vile vichoro vidogo vya kwenye skrini vinavyotangulia hatua ili ujue inayofuata. Vichoro vya mkono vinaweza kufika pigo moja kabla. Vya mguu vinahitaji mawili au zaidi, kwa sababu uzito lazima uhame kwanza. Na mtu wa kwenye skrini awe kioo, mkono wake wa kushoto uwe wa kwako wa kulia. Bila hivyo anayeanza hupoteza nusu ya wimbo akigeuza pande kichwani.

Nyimbo? Angalia zipi ziko ndani ya gemu ulilonunua na zipi zinadai malipo ya kila mwezi na intaneti. Za intaneti ni zako kwa muda ule ambao seva inawaka.

Kazi ya mwisho nampa mtu mwingine, mtu mzima ambaye hajawahi kucheza hata mara moja. Nasimama pembeni ya televisheni, skrini nikiipa mgongo, namtazama yeye tu. Mwanzoni macho yanakimbilia kona ya alama na mabega yako juu karibu na masikio. Macho yakihama pale na mabega yakashuka kabla ya kiitikio cha pili, nachukua kalamu.