Mzazi ana dimenshia (kumbukumbu na akili kupungua hadi maisha ya kila siku yanamshinda), je na wewe umeirithi?

Hili ndo swali tunaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi anayeuliza ni mtu aliyemuuguza mzazi wake miaka mingi, sasa akisahau tu funguo kaziweka wapi moyo unamlipuka. Jibu langu ni kwamba kwa watu wengi sana ugonjwa haurithiwi, kinachorithiwa ni uwezekano wa kuupata, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Chanzo kikubwa cha dimenshia ni ugonjwa wa ubongo unaoitwa Alzheimer. Kwenye ubongo wa mgonjwa, protini inayoitwa amiloidi inajikusanya nje ya seli na nyingine, tau, inajisokota ndani ya seli, na hayo yanaanza miaka 15 au hata 20 kabla mtu hajaonyesha dalili yoyote.

Zipo familia chache ambazo kweli unarithiwa moja kwa moja. Jeni zenyewe (yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi) ni tatu tu, APP, PSEN1 na PSEN2, na ukipokea kopi moja mbovu kutoka kwa mzazi basi karibu kila mara utaugua, tena mapema, kabla ya miaka 65, wengine wakiwa na 40 na kitu. Ila hao hawafiki hata 1% ya wagonjwa wote.

Inayowahusu wengi ni jeni nyingine, APOE, ambayo aina yake ya e4 ilihusishwa na Alzheimer mwaka 1993. Kwa watu wenye asili ya Ulaya kopi moja ya e4 inaongeza hatari kama mara 3, kopi mbili zinaipandisha zaidi, lakini kuna watu wana mbili wanazeeka vizuri tu, na kuna wagonjwa kibao hawana hata moja. Halafu kuna hili ambalo halisemwi sana: utafiti uliofanyika Ibadan, Nigeria, kwa Wayoruba ulikuta e4 haina nguvu hiyo. Kwa hiyo ukinunua kipimo cha jeni mtandaoni ukasoma asilimia zake, jiulize kwanza zilipigwa kwa watu gani.

Kisa kinachonivutia zaidi kimetoka Colombia, kiliandikwa 2019. Mama mmoja alikuwa na PSEN1 mbovu, ndugu zake wenye jeni hiyohiyo walikuwa wanaanza kusahau wakiwa na miaka 40 na kitu, yeye akafika 70 na kitu ndo dalili zikaanza. Walipompiga picha ubongo ulikuwa umejaa amiloidi, ila tau kidogo mno! Alikuwa na kopi mbili za aina adimu ya APOE inayoitwa Christchurch, na toka hapo watafiti wengi wanatafuta dawa ya kuiga kazi yake.

Dawa zilizopo sasa, kama lecanemab iliyopata kibali kamili Marekani 2023, zinaondoa amiloidi na kupunguza kasi tu, haziponyi, na wenye kopi mbili za e4 ndo wako kwenye hatari kubwa zaidi ya ubongo kuvimba au kuvuja damu, kwa hiyo hapo kupima APOE kuna maana.

Kama kwenu wameugua watu kadhaa kabla ya miaka 60, nenda kwa mtaalamu wa ushauri wa jeni na andika kila mmoja alianza akiwa na umri gani. Kama ni bibi mmoja aliyeanza na miaka 82, anza na presha, sukari na masikio yako, maana matatizo ya hivyo nayo yanachangia dimenshia, na yanatibika.