Kitabu cha safari si shajara: Darwin na dhana zisizokufa

Dhana: mwanasayansi Charles Darwin alifika visiwa vya Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki, akatazama midomo ya chiriku, na papo hapo akafumbua fumbo la asili ya viumbe.

Hii inachosha. Kila anayeirudia ana nukuu yake mkononi: ile sentensi kwamba mtu angeweza kudhani aina moja ya ndege ilichukuliwa na kubadilishwa kwa matumizi mbalimbali. Maneno ni ya Darwin kweli, ila yamo katika toleo la 1845 la kitabu chake cha safari. Toleo la kwanza, la 1839, halina, sembuse shajara ya 1835. Beagle, meli aliyosafiria, ilikuwa visiwani humo kuanzia katikati ya Septemba hadi 20 Oktoba 1835, na wakati huo baadhi ya chiriku wale yeye aliwahesabu kuwa ndege wa jamii nyingine kabisa. Aliyewaweka kundi moja ni John Gould, mtaalamu wa ndege wa London, Januari 1837. Daftari la Darwin kuhusu kubadilika kwa spishi lilifunguliwa Julai mwaka huo.

Tena vielelezo vyenyewe vilikuwa na kasoro. Kawaida ngozi ya ndege hufungwa mguuni kikaratasi chenye namba, na namba hiyohiyo huingizwa daftarini pamoja na mahali ilipopatikana. Chiriku wengi wa Darwin hawakuandikiwa kisiwa. Ilibidi ategemee wale wa FitzRoy, nahodha wa meli, na wa Syms Covington, mtumishi wa Darwin. Waliomtia shaka mapema ni ndege wengine, wale waigao sauti, kwa kuwa hao aliwatenganisha kisiwa kwa kisiwa. Na kobe? Naibu gavana wa visiwa hivyo alimwambia anaweza kumtazama kobe akajua katoka kisiwa gani. Haikusaidia: kobe waliopakiwa melini waliliwa, magamba yakatupwa baharini.

Kwa hiyo soma kwa tabaka. Kuna kijitabu cha mfukoni kilichoandikwa kwa penseli porini, kisha shajara, madaftari ya vielelezo, barua za nyumbani, na mwisho kabisa kitabu. Ukikuta wazo kitabuni, litafute kwenye tabaka za chini. Lisipopatikana huko, lipe tarehe ya kitabu, si ya safari. Na ukinukuu, taja toleo! Anayeandika «Darwin, 1835» huku ameshika toleo la 1845 amekosea kwa miaka 10, na hoja yake yote inaanguka.

Dhana: Walau masimulizi ya James Cook, nahodha mvumbuzi Mwingereza wa kabla ya Darwin, ni maneno yake mwenyewe.

Ya safari ya kwanza, 1768 hadi 1771, hapana. Yaliyochapishwa 1773 yaliandikwa na John Hawkesworth, ambaye hakuwamo melini. Alichanganya shajara za Cook na za Joseph Banks, kisha akaweka yote kwenye kauli ya «mimi».

Dhana: Darwin alikuwa mwajiriwa wa meli.

Alijilipia. Kazi ya Beagle ilikuwa kupima pwani kwa ajili ya ramani.

Dhana: Alikaa baharini miaka mitano.

Zaidi ya mitatu alikuwa nchi kavu.

Dhana: Alifanya kila kitu peke yake.

Kuchuna na kuhifadhi ndege alifundishwa Edinburgh na John Edmonstone, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa Guyana. Safarini, Covington ndiye aliyepiga risasi na kuchuna ndege wengi, na baada ya kurudi akawa mnakili wake.