Miguu ya farasi wa sanamu haielezi jemadari alikufaje

Iringa bado tunaambiwa: farasi wa sanamu akiinua miguu miwili, jemadari alifia vitani; mmoja, aliuawa na majeraha; yote ikiwa chini, alifia kitandani. Si kweli. Kanuni hiyo ingemweka wapi Mkwawa, aliyejipiga risasi mwaka 1898 akisakwa na Wajerumani?

Farasi wa sanamu ya Andrew Jackson, jemadari na rais wa Marekani, iliyozinduliwa Washington mwaka 1853, kainua miwili, na Jackson alifia nyumbani mwaka 1845. Farasi wa Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, mjini St Petersburg kainua miwili vilevile, na Peter alikufa kwa maradhi.

Kwa mchongaji wa farasi aliyeinuka hivyo, kazi ngumu hasa ni uzito. Shaba yote hubebwa na miguu miwili myembamba. Bila vyuma imara ndani, inaweza kupasuka. Farasi wa Jackson aliongezewa uzito nyuma. Farasi wa Peter hujiegemeza kwa mkia unaogusa nyoka wa sanamu aliye chini yake.