Bahari Ikichafuka: Kwa Wanaovuka Kutoka Tanga Kwenda Pemba kwa Vyombo Vidogo

Kusi, yaani upepo mkali wa kusini, inaposhika, kati ya Juni na Agosti, sisi tunaoshughulikia afya ya wasafiri hapa Tanga huulizwa swali moja kuliko mengine yote: nimeze dawa gani nisitapike njiani? Ni swali la haki na nitalijibu. Lakini naomba kwanza msomaji akubaliane nami kwamba ndani ya mashua au boti ndogo, kichefuchefu ni suala la usalama kabla hakijawa suala la tumbo.

Mtazame abiria aliyelevywa na bahari. Jasho jembamba linamtoka juu ya mdomo, uso umempauka, anapiga miayo na kumeza mate. Baada ya muda anafungua jaketi okozi kwa sababu linambana kifua. Kisha anainuka ghafla, anainama juu ya ubavu wa chombo, nusu ya mwili iko nje, na jamaa zake wawili nao wanasimama kumshika. Watu watatu wako upande mmoja, wote wima, na chombo kimeshalala upande huohuo. Kwenye meli kubwa hilo halitikisi kitu. Kwenye mashua iliyojaa, wimbi linalofuata linaweza kuingia ndani. Na yule ambaye ametapika saa nzima hajali tena. Hashiki kamba wala hakingi maji, na akiambiwa avae jaketi lake haitikii.

Kutoka Tanga mjini hadi Wete ni takriban kilomita 70, na mwanzo wa safari hudanganya. Ndani ya ghuba maji yametulia, Ulenge iko upande wa kaskazini, Yambe upande wa kusini, na miamba inavunja nguvu ya mawimbi. Watu wanapiga soga, wanafungua vyakula. Ukishaiacha miamba, sakafu ya bahari inashuka mamia ya mita na unaingia kwenye Mkondo wa Pemba wenyewe, bahari iliyo kati ya bara na kisiwa. Hapo kusi inakukuta bila kizuizi. Kwa kuwa chombo kinaelekea mashariki na upepo unatoka kusini, mawimbi yanakipiga ubavuni na kinaanza kwenda mrama, kikiyumba upande huu na huu. Nahodha mzoefu hubadilisha uelekeo kidogo, akayapokea mawimbi kwa pembe ya omo, yaani mbele ya chombo, hata kama safari itarefuka. Abiria wanaonung'unika kwamba boti inazunguka bure wanapaswa kumshukuru.

Wengi huamini kwamba kaskazi, upepo wa kaskazini, ikiingia, kuanzia Desemba hivi, bahari ni salama tu. Kwa kawaida ni kweli kwamba upepo wake ni mwepesi kuliko kusi. Lakini mkondo wa maji katika pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi huvuma kwa kufuatana nao, kaskazi huvuma kwa kupingana nao. Upepo unapopingana na mkondo, mawimbi husimama wima na kukaribiana, na chombo kifupi hakipati nafasi ya kuinuka kabla ya wimbi la pili kufika. Hali hiyohiyo hutokea kwenye milango ya miamba wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji yanapokupwa kwa kasi huku upepo ukitoka baharini. Siku ya kaskazi ya wastani inaweza kumchosha abiria wa mashua kuliko alivyotarajia alipoutazama upepo akiwa ufukweni.

Kwa hiyo sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, jioni kabla ya safari na asubuhi tena. Matangazo yake ya bahari mara nyingi hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Abiria wengi husikia mita 2 wakaona ni kidogo. Katika taaluma ya bahari, kimo kinachotabiriwa kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi iliyo kubwa zaidi, na wimbi mojamoja linaweza kukaribia mara mbili ya kimo hicho. Mita 2 kwenye utabiri zinaweza kukuletea wimbi la karibu mita 4, ambalo ni refu kuliko dari ya chumba chako. Ndani ya mashua ya wazi hilo si jambo la kuvumilia, ni sababu ya kulala Tanga siku hiyo.

Mwulize nahodha waziwazi: "Nahodha, bahari ikoje leo? TMA wamesemaje?" Nahodha wa kweli hachukii swali hilo. Akikujibu kwa dharau, akiwa amepakia mizigo hadi maji yanakaribia kingo za chombo, au kama majaketi hayatoshi watu, shuka. Ukumbuke Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipozama ikielekea Pemba imejaa kupita kiasi, na Julai 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe katika upepo mkali wa kusi. Vile vilikuwa vyombo vikubwa. Bandari bubu zinazopakia watu usiku ili kukwepa ukaguzi zinawanyima abiria hata orodha ya majina yao, na chombo kisichofika hakuna anayejua kikatafutwe wapi. Hapo mimi sina lugha ya kupoza: usipande.

Sasa nirudi tumboni. Ndani ya sikio kuna vijia vidogo vyenye majimaji, ambavyo huuambia ubongo kwamba mwili unapanda, unashuka au unageuka. Chombo kinapopanda na kushuka, majimaji hayo hutikisika kama maji ya ndoo iliyobebwa kichwani. Ukiwa umetazama sakafu au simu, macho yanauambia ubongo kwamba umekaa tuli, huku masikio yakisema unarushwa. Habari mbili hazipatani, na kutapika ndiko kunakofuata. Sikio lina sehemu kubwa mno katika jambo hili, kiasi kwamba watu ambao viungo hivyo vya ndani vimekufa kabisa hawapatwi na ugonjwa wa bahari. Mwendo unaochafua roho zaidi ni ule wa polepole, wa kupanda na kushuka mara moja kila sekunde tano hivi.

Ukishajua hivyo, mahali pa kukaa panajieleza. Omo na tezi, mbele na nyuma ya chombo, hupanda na kushuka kuliko sehemu nyingine yoyote, basi kaa katikati, chini, karibu na usawa wa maji. Usikae tezi jirani na injini, kwani moshi wa dizeli na harufu ya petroli humaliza hata aliyekuwa mzima. Tazama upeo wa macho, pale mbingu na bahari zinapokutana, au milima ya Usambara inayobaki nyuma yako hewa ikiwa safi. Ukishindwa kutazama, fumba macho na uegemeze kichwa kisitikisike. Simu iweke mfukoni.

Tumbo tupu halisaidii na tumbo lililojaa mafuta ni baya zaidi. Ndizi mbivu, mkate mkavu au kiazi cha kuchemsha kidogo, saa moja au mbili kabla, vinatosha. Pilau na samaki wa kukaanga ule Wete. Pombe hata ya usiku uliotangulia inaongeza kizunguzungu. Tangawizi ina ushahidi kiasi: mwaka 1988 huko Denmark, wanafunzi wa jeshi la majini waliopewa unga wake baharini walitapika kidogo kuliko wenzao waliopewa unga mtupu. Chai nzito ya tangawizi au kipande cha kutafuna ni sawa, ila usitegemee hicho peke yake siku ya kusi.

Dawa zinazofanya kazi ni kama prometazini na sinarizini, na kinachowaangusha wengi ni saa ya kuzimeza. Roho ikishachafuka, tumbo huacha kusukuma chakula mbele, na kidonge kinakaa humo bila kuingia kwenye damu. Prometazini imezwe usiku wa kuamkia safari au saa mbili kabla ya kuondoka. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida ni miligramu 25, lakini mwone mfamasia kwanza, hasa mjamzito, mwenye presha ya macho au matatizo ya tezi dume, na anayetumia dawa nyingine. Inaleta usingizi, kwa hiyo nahodha na mabaharia wasiiguse wakiwa kazini. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe kabisa, inaweza kumzuia kupumua. Habari njema ni kwamba watoto wa umri huo ni nadra kulevywa na bahari. Wanaoteseka zaidi ni wa miaka miwili hadi kumi na mbili. Nakutana pia na wasafiri walionunua Plasil au Buscopan dukani kwa safari hii. Zina kazi zake, ila kwa ugonjwa wa bahari hazisaidii.

Mwenzako akianza kuugua, mpe mfuko usiovuja mapema, kabla hajaomba. Atapike humo akiwa amekaa, jaketi limefungwa, mtu mmoja tu akimshika nyonga au mkanda. Hakuna sababu ya mtu kuinamia maji, na mfuko wa senti chache unaondoa hatari yote niliyoieleza juu. Mtoto apakatwe akitazama mbele. Akishatapika, mpe mafundo madogo ya maji kila baada ya dakika chache, si kikombe kizima. Beba pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na lita moja ya maji safi ya kuichanganya. Ukikosa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita, vyote vya kufuta, visijae kupita ukingo wa kijiko.

Mkishuka Wete au Mkoani, ardhi inaweza kuendelea kuyumba chini ya miguu kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake. Hiyo ni kawaida na huisha yenyewe. Kutapika kunapaswa kukoma ndani ya muda mfupi tu baada ya kukanyaga nchi kavu. Kukiendelea hadi siku ya pili, mkojo ukiwa mchache na wa rangi nzito, au homa na kichwa kuuma vikijitokeza, usiendelee kuisingizia bahari. Nenda hospitali siku hiyohiyo na uombe kupimwa malaria.